Mtaka cha Utosini: Rekodi Tisa za Stendi ya Darubini, Kutoka Uwanja wa Kaloleni

Katikati ya Januari, mvua za vuli zikiwa zimekwisha na za masika ziko mbali, toka nje saa nne na nusu usiku ukiwa Kaloleni, Kisumu. Inua uso. Endelea kuinua mpaka kofia ikudondoke. Pale juu kabisa, mahali ambapo timazi ya fundi ikianguka ingekugonga utosini, kuna nyota tatu zilizojipanga kama shanga kwenye uzi. Huo ni mshipi wa Jabari, kundi la nyota ambalo Wazungu huliita Orion. Watu wa Ulaya hulitazama likiwa limeegemea kusini. Sisi linatupita kichwani.

Shingo itaanza kuuma upesi. Darubini nayo ina shingo yake, ambayo ni stendi. Mnunuzi wa mara ya kwanza huhangaikia lenzi, akapokea stendi yoyote iliyokuja ndani ya katoni. Kwingine duniani kosa hilo husameheka. Hapa kwetu, utajiri wa anga umekaa utosini, na stendi isiyoweza kuangalia juu imekunyima chumba kizuri kuliko vyote ndani ya nyumba uliyokwisha kulipia kodi.

Mwenye darubini ndogo ya lenzi, ile ya milimita 60 hadi 80, mara nyingi huitaka stendi ya altazimuti ya mkono. Miendo yake ni miwili tu: juu na chini, kushoto na kulia. Haina mota wala betri. Hizi hapa rekodi tisa, nyingine za dunia, nyingine za Afrika, nyingine za uwanja wa nyumbani, na kila moja ina neno lake kwa mtu anayetaka kununua.

1. Nyota iliyo juu kuliko zote: Mintaka

Katika mshipi ule, nyota inayotangulia kuchomoza ni Mintaka. Ikweta ya mbingu, yaani Ikweta yetu ukiichora angani, hupita karibu nayo sana: Mintaka iko kusini mwa mstari huo kwa digrii 0.3 tu. Kaloleni nayo iko kusini mwa Ikweta kwa digrii 0.1 hivi, kama kilomita 11. Piga hesabu: Mintaka hupita digrii 0.2 kutoka utosi wetu, pungufu ya nusu ya upana wa mwezi mpevu.

Sasa shika darubini uifuate. Inachomoza mashariki, na kwa karibu saa sita mkono wako hauna kazi ila kuinua. Kushoto na kulia hakuna safari. Ikifika kileleni mambo yanageuka: kwa dakika moja na nusu hivi stendi inatakiwa izunguke robo nzima ya duara, la sivyo nyota imekuponyoka. Hata mitambo mikubwa ya altazimuti inayoongozwa na kompyuta ina doa pofu hapo utosini, kwa kuwa mota zake haziwezi kukimbia kiasi hicho.

Mkono una ujanja wake. Usizunguke. Acha bomba la darubini lipite digrii 90 na kuendelea upande wa pili, kama mtu anayelalia kiti chake kwa nyuma. Hamisha kigoda, endelea kutazama magharibi. Lakini ujanja huu unataka stendi inayobeba darubini ubavuni, na miguu isiyolizibia bomba njia. Basi swali la kwanza dukani si uzito wala rangi. Ni hili: inafika digrii 90? Na je, inapita?

Wala si Mintaka peke yake. Mshtarii, yaani Jupita, pamoja na Zohali mwenye pete, zikifika kilele cha safari yao ya usiku huwa ndani ya digrii 25 hivi kutoka utosi wetu, mwaka wowote ule. Ndiyo maana Kaloleni swali la utosi linatangulia mengine yote.

2. Jina linalodanganya kuliko yote: stendi ya kiikweta

Kuna aina nyingine ya stendi, inayosifiwa sana na wapiga picha, iitwayo stendi ya kiikweta. Ekseli yake moja huelekezwa kwenye ncha ya mbingu, mahali ambapo anga lote huonekana kupazunguka, ili mwendo mmoja tu utoshe kuifuata nyota. Ukiwa London, ncha hiyo iko juu kwa digrii 51 na nusu. Ukiwa Kaloleni, imelala kwenye upeo wa macho.

Kwa hiyo stendi yenye jina la Ikweta ndiyo inayopata taabu ikifika Ikweta. Ekseli yake inatakiwa ilale kabisa, na nyingi za bei ya chini hazilali hivyo: kipimo huishia kabla ya sifuri, au fimbo ya uzito hugonga mguu wa stendi. Ile Nyota ya Kaskazini ambayo kijitabu cha maelekezo kinakwambia uilenge imezama kwenye vumbi la upeo, nyuma ya mabati ya jirani.

Sasa iangalie stendi yako ya altazimuti vizuri. Ekseli yake ya juu na chini imelala tangu kiwandani. Igeuze ielekee kaskazini na kusini, kaza breki ya kushoto na kulia, kisha sukuma bomba. Litafagia kutoka mashariki hadi magharibi likipitia utosini, njia ileile ya Mintaka. Stendi ya mkono imekuwa ya kiikweta bila kuongezwa skrubu moja. Nyota zilizo mbali na ikweta ya mbingu bado zitadai miendo yote miwili, ila kwa mshipi wa Jabari na jirani zake, mkono mmoja unatosha na wa pili unashika kikombe cha chai.

3. Ndefu kuliko zote: darubini ya Hevelius

Johannes Hevelius, mtengenezaji wa pombe na mtazama nyota wa mji wa Danzig, ambao leo ni Gdańsk nchini Poland, alikuwa na darubini ya lenzi yenye urefu wa futi 150, yaani mita 46. Maelezo yake aliyachapisha mwaka 1673. Bomba halikuwepo, kulikuwa na mbao ndefu zilizoshika lenzi, zimening'inizwa kwa kamba kwenye mlingoti wa mita 27 hivi. Wasaidizi walivuta kamba kuishusha na kuipandisha. Kimsingi ilikuwa altazimuti ya mkono, ila mikono ilikuwa mingi. Upepo mdogo tu uliipepesusha, mbao zikipinda na kamba zikilegea.

Rekodi ya lenzi kubwa ilikuja baadaye. Kwenye Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 walitengeneza darubini yenye lenzi ya mita 1.25 na bomba la mita 60. Kwa kuwa hakuna stendi ambayo ingeweza kuligeuza, bomba lililazwa chini na kioo kikubwa kikawekwa mbele yake kulirushia mwanga wa nyota. Maonyesho yalipokwisha, haikupata mnunuzi, ikavunjwa vipande.

Wewe hutanunua ya mita 46, lakini kanuni haibadiliki. Chukua darubini mbili za milimita 80 zenye uzito sawa, moja ina bomba la sentimita 45, nyingine sentimita 90. Ile ndefu ni ngumu mara nne kuianzisha na kuisimamisha inapozunguka. Stendi inayoibeba fupi bila wasiwasi inaweza kuyumba chini ya ndefu, ingawa mizani inasema kilo ni zilezile. Muuzaji akikutajia kilo ambazo stendi inabeba, na wewe mtajie urefu wa bomba.

Kuna jambo la pili. Darubini ya lenzi huchungulika kwa nyuma, kwa hiyo kadiri unavyolenga juu, ndivyo jicho lako linavyoshuka chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kaloleni hata mtaka cha utosini huinama. Ukiwa na bomba refu na miguu mifupi, utajikuta umelala kwenye nyasi. Kioo cha kona kinachopinda mwanga kinasaidia, na nguzo fupi ya kuongeza kimo kati ya miguu na kichwa cha stendi inasaidia zaidi, kwa kuwa inalipa bomba nafasi ya kupita bila kugonga mguu.

4. Dirisha jembamba kuliko yote: Galileo

Usiku wa tarehe 7 Januari 1610, akiwa Padua, Galileo Galilei aliilenga Mshtarii akaona vinyota pembeni yake, ambavyo baadaye vilitambulikana kuwa miezi. Darubini yake ilikuza mara 20 hivi, na dirisha lake lilikuwa robo ya digrii, nusu ya upana wa mwezi. Anga linasogea robo ya digrii kila dakika. Maana yake Mshtarii ilivuka dirisha lote kwa dakika moja, kisha ikamlazimu kuitafuta tena. Katika barua ya mwezi huohuo alishauri chombo kishikiliwe imara, kwa sababu pumzi na mpigo wa mishipa hutikisa mkono.

Leo lenzi za kutazamia zinafungua dirisha pana zaidi, ila saa ya anga haijabadilika. Kwa lenzi ya kawaida yenye uga wa digrii 50, ukikuza mara 30, nyota ya utosini huvuka kutoka ukingo hadi ukingo kwa dakika 6 na sekunde 40. Ukikuza mara 60, dakika 3 na sekunde 20. Mara 120, dakika 1 na sekunde 40. Kila ukizidisha ukuzaji mara mbili, muda unagawanyika nusu.

Hapo ndipo visukani vya kusogeza pole pole vinapolipa gharama yake. Ni vile vifundo viwili, kimoja cha kila mwendo, vinavyozungusha gia ndogo ndani ya kichwa cha stendi. Kwa ukuzaji wa mara 30 au 40, kusukuma bomba kwa kidole kunatosha. Kwa mara 100, kidole kinaisogeza Zohali nje ya dirisha kwa mruko mmoja, wakati kisukani kinairudisha katikati kama mtu anayepunguza sauti ya redio.

5. Kubwa kuliko zote Afrika: SALT

Darubini kubwa kuliko zote za mwanga wa kawaida barani Afrika iko Sutherland, Afrika Kusini. Inaitwa SALT, ilizinduliwa Novemba 2005, na kioo chake cha umbo la pembe sita kina upana wa mita 11 hivi, kikiwa kimeunganishwa kwa vipande 91. Stendi yake ina ajabu moja: huzunguka kushoto na kulia tu. Juu na chini haiendi. Imefungwa katika mwinamo wa digrii 37 kutoka utosini, ikangoja anga lizunguke na kuiletea nyota, huku kifaa kidogo kilicho juu ya kioo kikizifuata kwa muda.

Kwa kuacha mwendo mmoja, wajenzi waliokoa fedha nyingi. Gharama yake ni kwamba darubini kubwa kuliko zote barani haiwezi kutazama utosi wake yenyewe. Sutherland wameridhika, kwa sababu wamechagua kazi inayolingana na mwinamo huo. Stendi ni biashara ya kuacha kitu ili upate kingine. Muhimu ni kujua unachoacha.

Na asikuambie mtu kwamba altazimuti ni ya watoto. Kwa muda mrefu darubini kubwa zilijengwa kwa mtindo wa kiikweta, ikiwemo ile ya mita 5 ya Palomar, Marekani, ya mwaka 1948. Mwaka 1975 Wasovieti walifungua ya mita 6 katika milima ya Kaukazi, wakairudisha altazimuti kwa kuipa kompyuta ya kuongoza miendo. Tangu hapo karibu kila jitu limefuata, hadi ile ya mita 39 inayojengwa jangwani Chile. Umbo hili hubeba mzigo wima juu ya miguu yake, kama mama aliyejitwika mtungi, badala ya kuuning'iniza upande.

6. Ya bei nafuu kuliko zote: paipu mbili na grisi

Mwaka 1968 huko San Francisco, John Dobson, mtawa wa zamani, alishirikiana na wenzake kuanzisha kundi la kupeleka darubini kando ya barabara ili mpita njia yeyote atazame. Stendi zake zilikuwa masanduku ya mbao yanayoteleza juu ya vipande vya tefloni. Hazikuwa na gia. Mtindo huo sasa unabeba jina lake dunia nzima, nao ni altazimuti tupu. Nchini Kenya, Susan Murabana na Chu Owen wamekuwa wakizungusha darubini mashuleni tangu mwaka 2014 kupitia The Travelling Telescope, kwa imani ileile kwamba anga lifuate watu walipo.

Kwa darubini ndogo ya lenzi kuna mtindo wa bei ya chini hata kuliko huo, na vifaa vyake unaviona Kibuye siku yoyote ya soko: paipu ya chuma ya inchi moja na nusu, tii, elbo na nipo, yaani kipande kifupi cha paipu chenye nyuzi pande zote mbili. Nipo moja isimame wima, hiyo ni kushoto na kulia. Nyingine ilale, hiyo ni juu na chini. Usizikaze hadi mwisho; ziache zizunguke kwenye nyuzi zake, ukizipaka grisi. Ile tepu nyeupe ambayo fundi bomba huzungushia nyuzi ni tefloni pia, ndugu ya ile ya Dobson, na ukiifunga kwa wingi inakula ule ulegevu unaofanya bomba licheze.

Kasoro zake usifichwe. Ni nzito, visukani haina, na ukiizungusha upande mmoja kupita kiasi nyuzi zinafunguka. Lakini darubini inakaa ubavuni, inafika utosini, na uzito ule wa chuma unazima mtikisiko kwa namna ambayo stendi nyingi za katoni zinaiota tu. Anayetazamia uwanja wa nyumba moja, asiyebeba kitu kwenda popote, anaweza kuishi nayo miaka.

7. Mtikisiko mrefu kuliko wote: wangu

Rekodi hii niliiweka mwenyewe. Nilikuwa na darubini ya milimita 70 juu ya stendi ya alumini iliyokuja nayo, miguu imevutwa yote ili nisimame wima kama mheshimiwa. Niliulenga mwezi, nikaligonga bomba kwa ncha ya kidole, nikahesabu kwa sauti. Mwezi ulicheza kama taswira ndani ya ndoo ya maji iliyopigwa teke. Moja, mbili, tatu, nne, tano, na bado ukingo wake ulikuwa ukitetemeka. Kila nilipogusa fokasi, ngoma ilianza upya.

Nikarudisha miguu ndani yote, nikaleta kigoda kutoka jikoni, nikaning'iniza mfuko wa mchanga katikati ya miguu. Nikagonga tena. Moja, mbili, kimya.

Sababu yake mafundi wa chuma wanaijua. Mguu ukiurefusha mara mbili, kwa mzigo uleule hupinda mara nane zaidi. Unene nao hufanya kazi upande wa pili: bomba la mguu likiwa nene maradufu, ukuta wake nao ukanenepa hivyohivyo, ugumu wake unapanda mara kumi na sita. Kwa hiyo mguu mnene mfupi unamshinda mwembamba mrefu kwa mbali sana, na kigoda ni kifaa cha unajimu kama lenzi. Mbao hunyonya mtikisiko vizuri kuliko alumini, ndiyo maana wapo wanaoendelea kutengeneza miguu ya mbao hadi leo.

Jaribio hili lifanye kabla ya kulipa. Gonga, hesabu. Sekunde moja hadi mbili, chukua. Tatu, jadili bei. Tano, iache palepale. Lakini usijisumbue na pimamaji: stendi ya altazimuti ya mkono haidai usawa kamili, mradi isimame bila kuegemea upande wa kuanguka.

8. Shindano lenye upinzani mkali kuliko yote: rafu ya dukani

Zilizopo sokoni zinagawanyika makundi matatu, na kila kundi lina bingwa wake.

La kwanza ni uma: darubini hukaa kati au juu ya kichwa, na ekseli ikiwa chini yake. Mfano unaofahamika ni AZ3 ya Sky-Watcher. Ina visukani na ni nyepesi. Shida ni kwamba uzito wa bomba uko juu ya ekseli, kwa hiyo kadiri unavyoinua ndivyo linavyotaka kujiangusha kwa nyuma. Kwa mwezi mchanga wa jioni, ule ambao Kisumu huuona umelala magharibi kama mtumbwi, inatosha sana. Kwa Mintaka, imepoteza kabla ya kengele.

La pili ni mkono wa ubavuni wenye breki za msuguano bila visukani, kama AZ4 ya kampuni hiyohiyo. Unakaza kiasi, unasukuma, unaacha, inakaa. Ni ngumu kuharibika kwa sababu vitu vya kuharibika ni vichache. Bingwa wa ukuzaji mdogo: Kilimia, Nebula ya Jabari, ukanda wa majarra.

La tatu ni mkono wa ubavuni wenye msuguano pamoja na visukani. Hapa ndipo wanapokutana Porta ya Vixen kutoka Japani, AZ5 ya Sky-Watcher na Twilight I ya Explore Scientific. Unasukuma kwa mkono kufika karibu, kisha unamalizia kwa kisukani. Mdogo wao ni AZ Pronto, aliyeundwa kwa mzigo wa kilo 3, ambaye anaweza kupakiwa kwenye bodaboda pamoja na mwenyewe.

Na bodaboda si utani. Usiku usio na mwezi, ambao ndio mzuri kwa nyota hafifu, ndio pia wavuvi wa omena huwasha taa zao ziwani, upeo wote wa magharibi ukageuka kuwa mtaa. Anga jeusi zaidi liko nyuma yako, mbali na taa za mji. Stendi ya kilo kumi na tano itabaki uwanjani. Ya kilo nne itasafiri.

9. Pete iliyodumu kuliko zote za milenia hii: Januari 2010

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 15 Januari 2010, jua lilipatwa kwa pete, na Kisumu ilikuwa ndani ya njia yake, kati ya Kampala na Nairobi. Kule Bahari ya Hindi, ilikofika upeo wake, pete ilidumu dakika 11 na sekunde 8. Hakutatokea nyingine ndefu kuliko hiyo hadi mwaka 3043.

Rekodi ya kulifuata jua lililopatwa kabisa nayo imegusa bara letu. Tarehe 30 Juni 1973, kivuli kilivuka Sahara na kuja hadi kaskazini mwa Kenya. Aliyesimama ardhini mahali pazuri kuliko pote alipata dakika 7 na sekunde 4 za giza. Wanasayansi waliopanda ndege ya Concorde walikimbia na kivuli, wakapata dakika 74. Hiyo ndiyo stendi iliyokwenda kasi kuliko zote.

Kwa stendi ya Kaloleni, somo la jua ni breki. Kichujio maalumu cha jua kifungwe mbele ya lenzi kubwa, kisitoke, na darubini ndogo ya kulengea izibwe kabisa. Jua likipita bila kichujio, jicho halirudi. Stendi inayotelemka yenyewe mkono ukitoka inakufanya uhangaike na bomba wakati ungepaswa kuchunga kichujio na watoto waliokuzunguka. Kaza, achia, rudi nyuma hatua mbili. Ikitelemka, siyo hiyo.

Basi ni ipi?

Kwa darubini fupi ya lenzi ya milimita 70 au 80, anayetazamia Kaloleni atafute mkono wa ubavuni wenye visukani, unaofika utosini na kupita, juu ya miguu minene ambayo haitavutwa, ikiwa na nguzo fupi ya kuongeza kimo. Pesa zikipungua, aondoe visukani, asiondoe unene wa miguu. Zikipungua tena, aende Kibuye kwa paipu. Mwenye uma asiutupe. Autumie jioni, mambo yakiwa bado chini.

Mwezi wa Januari nilimtandikia mkeka binti wa jirani, maana kigoda kilikuwa kirefu kwake. Bomba lilikuwa wima kama mlingoti, lenzi ya kutazamia imeshuka karibu na ardhi. Ilimbidi apige magoti ili aitazame nyota ya juu kuliko zote mtaani kwao. Nilikuwa nimekaza breki ya kushoto na kulia. Kazi yangu ilikuwa kuzungusha kisukani kimoja, pole pole, Mintaka ikipita utosini. Akanyamaza muda, kisha akasema bila kuondoa jicho, "Anko, kumbe ziko mbili." Ni kweli. Mintaka ina mwenziwe mdogo pembeni, hafifu mno kwa macho matupu, lakini darubini ndogo inamtenga bila shida, stendi ikitulia.

Mama yake akauliza kutoka mlangoni tunaangalia wapi. Mtoto akanyoosha kidole juu, angali amepiga magoti.